John William Colenso

John William Colenso (St Austell, Cornwall, Uingereza, 24 Januari 1814 – Durban, Natal, 20 Juni 1883) alikuwa mwanahisabati, mmisionari na askofu wa kwanza wa Kanisa Anglikana katika koloni la Natal, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini.

Anajulikana hasa kwa mambo matatu: kazi yake ya kuandika na kutafsiri Kizulu, vitabu vyake vya uhakiki wa Biblia vilivyozusha mgogoro mkubwa katika Kanisa Anglikana, na utetezi wake wa Wahlubi na Wazulu dhidi ya serikali ya kikoloni. Mambo hayo matatu yalikuwa na chanzo kimoja. Colenso alikwenda Afrika kufundisha imani, lakini maswali ya watu aliowafundisha yalimlazimu kuisoma upya Biblia aliyowaletea.

Wazulu walimwita Sobantu, maana yake baba wa watu.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa na hisa katika mgodi wa bati huko Cornwall. Mgodi huo ulipofurika maji ya bahari, familia ilipoteza mali yake, na kijana Colenso alilazimika kujitafutia ada ya masomo. Alipokewa katika St John's College, Chuo Kikuu cha Cambridge, kama mwanafunzi maskini aliyepunguziwa gharama. Mwaka 1836 alimaliza akiwa wa pili katika mtihani wa hisabati wa chuo kikuu kizima, na mwaka uliofuata alifanywa mwanachuo wa kudumu wa St John's.

Kuanzia mwaka 1838 alifundisha hisabati katika shule ya Harrow. Huko nyumba yake iliungua, naye akabaki na deni kubwa. Alirudi Cambridge mwaka 1842 na kuandika vitabu vya kiada vya hesabu na aljebra. Vitabu hivyo vilitumika katika shule nyingi za Uingereza, na mapato yake yalimwezesha kulipa deni. Kwa hiyo jina la Colenso lilifahamika kwa watoto wa shule kabla ya kufahamika kwa wanateolojia.

Mwaka 1846 alimwoa Sarah Frances Bunyon na kuwa kasisi wa parokia ya Forncett St Mary, katika wilaya ya Norfolk. Sarah alimfahamisha zaidi mawazo ya mwanateolojia Frederick Denison Maurice, aliyefundisha kwamba binadamu wote tayari wamo katika upendo wa Mungu, hata kabla ya kumjua. Wazo hilo liliongoza kazi yote ya Colenso baadaye. Kwake, mmisionari hakumpeleka Mungu mahali ambapo hakuwepo, bali aliwaonyesha watu yule ambaye alikuwa pamoja nao tangu mwanzo.

Walizaa watoto watano: Harriette, Frances, Robert, Francis na Agnes.

Askofu wa Natal

Robert Gray, askofu wa Cape Town, alitaka dayosisi yake kubwa igawanywe. Kwa pendekezo lake Colenso aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Natal tarehe 30 Novemba 1853. Mwanzoni mwa 1854 alitembelea koloni hilo kwa majuma kumi, akiongozana na Theophilus Shepstone, afisa wa serikali aliyesimamia mambo ya Waafrika na aliyekuwa rafiki yake kwa miaka mingi. Mwaka 1855 alirudi na familia yake kuishi huko moja kwa moja.

Pamoja naye alifika mtaalamu wa lugha Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyekuja kusaidia kuandika sarufi ya Kizulu. Bleek ndiye aliyeeneza baadaye jina la Kibantu kwa kundi la lugha ambalo Kizulu na Kiswahili ni sehemu yake.

Karibu na mji wa Pietermaritzburg Colenso alijenga kituo cha misheni. Wazungu walikiita Bishopstowe, lakini jina lake la Kizulu lilikuwa Ekukhanyeni, yaani mahali penye nuru. Palikuwa na kanisa, mashamba, karakana, kiwanda kidogo cha uchapaji na shule ya bweni. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa machifu, akiwemo Mkhungo, mwana wa mfalme Mpande wa Wazulu. Mwaka 1861 hofu ya uvamizi kutoka ng'ambo ya mto Tugela ilitawanya wanafunzi, na shule haikurudia tena hali yake ya awali.

Kazi ya lugha

Colenso alijifunza Kizulu kwa bidii ileile aliyojifunzia hisabati. Alitoa sarufi, vitabu vya kusomea na kamusi ya Kizulu-Kiingereza (1861), akatafsiri Agano Jipya lote pamoja na baadhi ya vitabu vya Agano la Kale, vikiwemo Mwanzo, Kutoka na vile vya Samweli.

Suala moja la kwanza lilikuwa jina la Mungu. Wamisionari wengi walitumia neno uThixo, lililotoka upande wa Waxhosa na Wakhoikhoi. Colenso aliwauliza wazee wa Kizulu, akasikia wakimtaja uNkulunkulu, aliye mkuu kupita wote, na uMvelinqangi, aliyetokea kwanza. Aliona kwamba watu hao walikuwa na jina lao wenyewe la Muumba, akaanza kulitumia jina uNkulunkulu. Leo ndilo jina la kawaida la Mungu kati ya Wakristo Wazulu.

Msaidizi wake mkuu katika tafsiri alikuwa William Ngidi. Mwingine alikuwa Magema Fuze, aliyefika Ekukhanyeni akiwa kijana, akajifunza uchapaji na kuendesha mtambo wa misheni. Mwaka 1859 wote wawili walifuatana na askofu kwenda kwa mfalme Mpande kuomba ruhusa ya kufungua misheni. Masimulizi waliyoandika juu ya safari hiyo, pamoja na ya mwenzao Ndiyane, yalichapishwa mwaka 1860, na ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Wazulu wenyewe kuchapishwa.

Mitala na Waraka kwa Warumi

Tofauti kati ya Colenso na wamisionari wengine ilionekana mapema katika suala la mitala. Kanuni iliyozoeleka ilimtaka mwanamume mwenye wake wengi aliyetaka kubatizwa abaki na mke mmoja na kuwaacha wengine. Katika kijitabu cha mwaka 1855 Colenso alikubali kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, lakini alipinga kuvunja ndoa zilizokwisha kufungwa. Alionyesha kwamba mke aliyefukuzwa angepoteza ulinzi na makazi yake, na watoto wangeachwa bila baba bila kosa lao. Kwa maoni yake, Kanisa haliwezi kuanza kuwafundisha watu uaminifu kwa kuwadai wavunje ahadi zao. Maoni hayo yalipingwa vikali.

Mwaka 1861 alitoa ufafanuzi wa Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, alioandika kwa mtazamo wa misheni. Alifundisha kwamba haki ya Mungu iliyofunuliwa katika Kristo inawahusu watu wote, akakataa fundisho la adhabu ya milele isiyo na tumaini. Sababu mojawapo ilikuwa ya kichungaji: Wazulu walioongoka walimuuliza juu ya wazazi na mababu zao waliokufa bila kusikia Injili. Colenso hakuweza kuwajibu kwamba wote wamepotea. Askofu Gray alisoma kitabu hicho kwa wasiwasi mkubwa.

Maswali ya William Ngidi

Mgogoro mkubwa zaidi ulizaliwa mezani, wakati wa kutafsiri. Walipofika kwenye habari za gharika katika kitabu cha Mwanzo, Ngidi aliuliza kama kweli wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, walikwenda wawili wawili kuingia katika safina, na kama Nuhu alikusanya chakula cha kuwatosha wote, pamoja na wale wanaokula nyama. Colenso alikuwa amesoma jiolojia. Alijua, kwa mfano, kwamba vilima vya volkeno vya Auvergne nchini Ufaransa, vya kale kuliko wakati wa Nuhu, vimefunikwa na vitu vyepesi ambavyo gharika ya dunia nzima ingevisomba. Aliona kwamba hawezi kumwambia Ngidi kuwa habari hiyo ilitokea kama ilivyoandikwa huku mwenyewe hasadiki hivyo.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Katika sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka kuna sheria inayomwachilia bwana aliyempiga mtumwa wake, mradi mtumwa huyo aishi siku moja au mbili kabla ya kufa, kwa kuwa ni mali yake. Ngidi alishtuka kusikia kwamba maneno hayo yalitoka kwa Mungu yuleyule mwenye huruma aliyefundishwa kumwamini. Kwa Colenso swali hili halikuhusu sayansi tena, bali tabia ya Mungu. Aliamua kwamba hawezi kuyatafsiri maneno hayo kama sauti ya Mungu bila kuchunguza upya yalikotoka.

Kitabu juu ya Torati

Matokeo ya uchunguzi huo yalitolewa kwa sehemu saba kati ya mwaka 1862 na 1879, katika kitabu kirefu juu ya Torati na kitabu cha Yoshua. Sehemu ya kwanza iliuzwa kwa maelfu.

Humo Colenso alitumia hesabu. Kitabu cha Kutoka kinasema wanaume wapatao 600,000 walitoka Misri, na sensa ya kitabu cha Hesabu inataja 603,550. Pamoja na wanawake, watoto na wazee, umati huo ungezidi watu milioni 2. Colenso aliuliza umati kama huo, na mifugo yake, uliishije jangwani, ulihamaje kwa usiku mmoja, na ulikusanyikaje mlangoni pa hema ya kukutania, iliyokuwa na ua wa dhiraa 100 kwa 50 tu. Aliuliza pia makuhani watatu wangewezaje kutoa sadaka zote zilizoamriwa kwa watu wengi namna hiyo. Tena, wazaliwa wa kwanza wa kiume wanatajwa kuwa 22,273. Kwa wingi ule wa wanaume, kila mama angepaswa kuwa na wana wa kiume takriban 40.

Alihitimisha kwamba hesabu hizo si kumbukumbu za kihistoria, na kwamba Torati iliandikwa na watu mbalimbali muda mrefu baada ya Musa. Hata hivyo hakuacha imani. Alishikilia kwamba Biblia ina Neno la Mungu, ingawa si kila neno lililomo ni la Mungu, na kwamba msomaji amepewa akili na dhamiri ili apambanue.

Katika Uingereza kitabu kilipokelewa kwa hasira. Maaskofu wengi walimtaka ajiuzulu, na majibu mengi yalichapishwa dhidi yake. Magazeti yalimdhihaki kwamba alitumwa kuwaongoa Wazulu, badala yake akaongolewa na Mzulu mmoja. Hata Maurice aliachana naye, kwa kuwa aliona hesabu haziwezi kufikia maana ya Maandiko. Kwa upande mwingine, mtaalamu Mholanzi Abraham Kuenen alikubali nguvu ya hoja zake, na yeye mwenyewe alibadili maoni yake juu ya tabaka za Torati kwa sehemu kutokana nazo. Colenso naye alitafsiri sehemu ya kazi ya Kuenen kwa Kiingereza mwaka 1865.

Kesi na utengano

Mwishoni mwa mwaka 1863 Gray aliitisha kesi ya uzushi mjini Cape Town. Colenso hakuhudhuria, Bleek aliwasilisha barua yake ya kukana mamlaka ya mahakama hiyo. Askofu alihukumiwa kuvuliwa cheo. Alikata rufaa London, na Machi 1865 kamati ya sheria ya Baraza la Malkia iliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumhukumu. Mwaka uliofuata mahakama iliamuru pia alipwe mshahara uliokuwa umezuiwa.

Colenso alirudi Natal mwishoni mwa 1865. Mapema mwaka 1866 hukumu ya kutengwa na Kanisa, iliyotolewa na Gray, ilisomwa katika kanisa kuu la Mt. Petro mjini Pietermaritzburg. Sheria, hata hivyo, ilimwachia Colenso jengo hilo, naye aliendelea kuhubiri humo. Mwaka 1869 William Macrorie aliwekwa wakfu kuwa askofu mwingine kwa ajili ya waliomkataa Colenso. Kwa miaka mingi mji huo mdogo ulikuwa na maaskofu wawili Waanglikana na makanisa makuu mawili.

Mgogoro huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa maaskofu Waanglikana wa dunia huko Lambeth, London, mwaka 1867.

Kesi ya Langalibalele

Katika miaka hiyo walowezi wengi wa Natal walimuunga mkono Colenso, kwa kuwa hawakutaka kutawaliwa na askofu wa Cape Town. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1873.

Langalibalele, chifu wa Wahlubi, aliagizwa kuhakikisha kwamba vijana wake wanasajili bunduki walizonunua kwa mishahara ya machimbo ya almasi. Alipoitwa Pietermaritzburg aliogopa kwenda, kisha akakimbia na watu wake kuvuka milima ya Drakensberg. Katika mapigano kwenye njia ya mlimani askari kadhaa wa serikali waliuawa. Serikali iliwashambulia Wahlubi waliobaki, ikachukua ardhi na ng'ombe zao. Chifu alikamatwa na kushtakiwa mwaka 1874 mbele ya gavana Benjamin Pine na Shepstone, bila wakili wa kumtetea, akahukumiwa kuhamishwa maisha. Alipelekwa kisiwa cha Robben.

Colenso alikuwa mwepesi kuamini maelezo ya rafiki yake Shepstone. Lakini wasaidizi wake Waafrika walimweleza mambo mengine, naye akaanza kuwahoji mashahidi mmoja mmoja na kulinganisha maneno yao, kwa njia ileile aliyoitumia kuchunguza Torati. Aligundua kwamba hofu ya Langalibalele ilikuwa na msingi. Miaka ya nyuma, chifu mwingine alikuwa ameitwa kwenye mazungumzo na ndugu ya Shepstone, kisha akashambuliwa kwa hila. Urafiki wa Colenso na Shepstone ulivunjika, na walowezi wakamgeuka.

Alisafiri Uingereza mwaka 1874 kupeleka ushahidi kwa waziri wa makoloni, Lord Carnarvon. Gavana Pine aliondolewa, na Langalibalele akatolewa kisiwani, ingawa aliruhusiwa kurudi Natal mwaka 1887 tu, baada ya Colenso kufa.

Vita vya Wazulu

Desemba 1878 Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza katika Afrika Kusini, alimpelekea mfalme Cetshwayo masharti asiyoweza kuyatimiza, na Januari 1879 jeshi la Uingereza liliingia nchi ya Wazulu. Tarehe 22 Januari Wazulu walilishinda vibaya kwenye Isandlwana.

Natal ilijaa hofu na kiu ya kisasi. Machi 1879, katika siku iliyotengwa kwa maombi, Colenso alihubiri katika kanisa lake juu ya mstari wa nabii Mika unaoeleza kwamba Mungu anadai haki, huruma na unyenyekevu. Aliwaomboleza askari Waingereza waliokufa, miongoni mwao marafiki wa nyumba yake, lakini aliwataka wasikilizaji wajiulize kama wao wenyewe walikuwa wametenda haki na huruma kwa Wazulu. Alitaja pia majonzi ya wajane na mayatima wa upande wa pili. Wachache walipenda kusikia maneno hayo wakati huo.

Cetshwayo alikamatwa Agosti 1879 na kufungwa Cape Town, ambako Colenso alimtembelea mwaka uliofuata. Huko Bishopstowe askofu alikusanya hati za serikali na taarifa za Wazulu, akazichapa pamoja na maelezo yake ili kuonyesha mahali zilipopingana. Mfalme alikwenda London mwaka 1882, na Januari 1883 alirudishwa kwenye sehemu ya nchi yake, lakini mgawanyo wa nchi hiyo uliacha vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kifo na urithi

Colenso alikufa Durban tarehe 20 Juni 1883, akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa ndani ya kanisa kuu la Mt. Petro. Mwaka uliofuata nyumba ya Bishopstowe iliungua kwa moto.

Familia iliendeleza kazi yake. Frances, aliyefariki mwaka 1887, alikuwa ameandika historia ya vita vya Wazulu. Harriette, akisaidiwa na Agnes, alimtetea Dinuzulu, mwana wa Cetshwayo, katika kesi mbili. Magema Fuze alikwenda kisiwa cha Saint Helena kuwa katibu wa Dinuzulu uhamishoni, na mwaka 1922 alichapisha kitabu juu ya asili ya watu weusi, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuandikwa na Mzulu kwa Kizulu. Mji wa Colenso katika KwaZulu-Natal una jina la askofu huyo.

Colenso hakuwa mpinzani wa ukoloni wenyewe. Aliamini kwamba utawala wa Uingereza ungeweza kuwa wa haki, na kwa karibu miaka ishirini aliusifu mfumo wa Shepstone kabla ya kuuchunguza. Wataalamu wa Biblia wa leo wanaiona njia yake ya hesabu kuwa finyu, kwa kuwa iliuliza kama habari ilitokea kuliko kuuliza ilitaka kusema nini. Hata hivyo mambo mengi yaliyomfanya aitwe mzushi, kama vile kwamba Torati ina waandishi wengi na kwamba tarakimu zake si za sensa halisi, sasa yanafundishwa katika vyuo vingi vya teolojia, vikiwemo vya Kanisa lake. Pamoja na jina la Colenso hukumbukwa jina la William Ngidi, ambaye maswali yake yalianzisha uchunguzi huo.